Mita Sitini za Uongo

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, habari yenyewe ni fupi na chungu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, amekatwa mguu juu ya goti. Walikuwa wakivuta bomba lililokwama kwenye kisima namba tisa, waya wa winchi, ile mashine ya kuvutia, ukakatika, bomba likaporomoka, na kile kibano cha chuma kinacholishika bomba mdomoni mwa kisima kikamsaga mguu. Kampuni inasema kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye winchi na alivuta kupita kiasi.

Mimi nilijua kosa ni langu.

Kazi yangu ni kupima visima vya mafuta. Watu wengi hudhani kisima ni shimo lililonyooka kama mrija wa soda. Sivyo. Huko chini kinapinda na kujikunja, na bomba likipita palipopinda linabanwa na kusuguliwa ukutani. Mimi hushusha chombo chembamba, kirefu kunishinda mara mbili, na kila mita kinaniambia: hapa bomba litavutwa kwa nguvu hii, hapa litasukumwa ubavuni kwa nguvu ile. Kwa namba zangu ndipo mafundi wanajua pampu ikae wapi, na zile bangili za kulilinda bomba lisisuguliwe zivalishwe wapi. Wenzangu huniita Dakta wa Shimo.

Pampu hukaa mwishoni mwa bomba, na ikiwekwa palipopinda hukwama nalo. Ikikwama, watu huivuta.

Miezi saba kabla ya ajali, nilipokuwa nikipima namba tisa, skrini yangu ilizimika ghafla zikiwa zimebaki mita sitini kufika chini, na kabla mashine haijasimamishwa chombo kilikuwa kimeshagusa chini. Ilinibidi nikitoe chombo, nikibadilishe, nianze upya. Kazi ya siku nzima. Bosi wangu, ambaye sote tunamwita Bwana Haraka, alikuwa nyuma yangu akigongagonga saa yake kwa ukucha.

"Namba tisa na namba nane ni mapacha," alisema. "Jazia."

Nikajazia. Nilichukua namba za kisima namba nane, nikapunguza hapa, nikaongeza pale zisifanane mno, nikatia sahihi. Pampu ikawekwa katikati ya mita zile sitini ambazo mimi sikuziona.

Sasa tuendelee.

Jumatatu asubuhi dada alinidaka kwenye korido ya hospitali kabla sijaingia wodini. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Kamati ya uchunguzi inakaa keshokutwa," alisema.

"Nimesikia."

"Watamfukuza. Wataandika kwamba alijikata mguu mwenyewe."

"Dada, hawawezi kuandika hivyo."

"Wataandika vizuri zaidi, lakini maana itakuwa hiyo hiyo." Akanishika mkono. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyepima kile kisima. Hakuna mwingine anayejua kule chini kulikuwaje. Nenda ukawaambie."

"Nikawaambie nini?"

"Ukweli. Mimi sikuombi uongo. Nakuomba ukweli tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kama angeniomba uongo ningempa siku ile ile, maana wa kwanza ulishanitoka bila kuombwa na mtu wa familia.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi mwisho wa korido, kofia mapajani. Baba yetu ndiye msimamizi wa zamu iliyokuwa ikivuta namba tisa. Kazini wanamwita Mzee Mizani, kwa sababu husikiliza mlio wa injini ya winchi akakuambia bomba lina tani ngapi bila kuangalia kipimo. Yeye ndiye aliyemfundisha shemeji kuendesha winchi. Yeye ndiye aliyemkaribisha nyumbani, na huko shemeji akamwona dada.

"Umekula?" aliniuliza nilipompita.

"Bado, Baba."

"Kula," alisema, akarudi kutazama sakafu.

Mchana huo huo nilikwenda ofisini kwa Bwana Haraka. Nilikuwa nimepiga moyo konde.

"Jumatano nitasema," nilimwambia. "Nitasema tulijazia."

Hakuacha kuandika. "Tulijazia nani?"

"Mimi na wewe."

"Sahihi ya nani iko pale chini?"

"Yangu."

"Mimi nilifanya nini?"

"Ulisema nijazie. Ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Nani alisikia?"

"Wewe na mimi."

"Basi tuko wawili," alisema, "na mmoja hakumbuki."

Akaweka kalamu chini. Nilidhani atanifokea, lakini alinisemesha kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko makelele.

"Sikiliza, binti. Ukisema au usiseme, mguu wa shemeji yako hauoti tena. Una mikono mizuri, wapimaji kama wewe ni wachache. Kaa kimya wiki mbili tu, jambo lipite."

"Na yeye?"

"Yeye atapata kazi ya kukaa."

Niliondoka bila kuaga. Nilishuka ngazi nikiitazama miguu yangu. Yote miwili.

Jumatano, kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni, kile chenye meza ndefu na viti vinavyozunguka. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mhandisi aliyeletwa kutoka makao makuu, mtu wa maneno machache, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni. Dada aliruhusiwa kukaa nyuma. Baba aliketi ukutani pamoja na watu wa zamu yake.

Walinisomea karatasi yangu, kisha mwenyekiti akauliza, "Vipimo hivi ni vyako?"

"Sahihi ni yangu."

"Sikukuuliza sahihi."

"Vipimo ni vyangu, isipokuwa mita sitini za mwisho. Hizo sikuzipima. Skrini ilizimika. Nilizitunga kwa kuangalia kisima cha jirani."

Feni ya dari nilikuwa sijaisikia mpaka dakika ile.

"Ulizitunga peke yako?"

Bwana Haraka alikuwa viti viwili kutoka kwangu. Alikuwa akipangusa kioo cha saa yake kwa kidole gumba.

"Niliambiwa nijazie," nilisema. "Lakini mkono ulioandika ni huu."

"Nani alikuambia?"

Nikamtaja. Bwana Haraka akainua uso, akamtazama mwenyekiti kwa huzuni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba usiomhusu. "Sikumbuki jambo kama hilo," alisema.

Mwenyekiti aliandika, akapiga mstari. "Kwa hiyo, kwa maoni yako, pampu iliwekwa mahali pabaya?"

"Nadhani hivyo. Nadhani iliwekwa kwenye kona. Ndiyo maana ilikwama, na ndiyo maana walilazimika kuvuta kwa nguvu. Aliyekuwa kwenye winchi hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Niligeuka kidogo nikamwona dada. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa, macho yakimtiririka, lakini aliniitikia kwa kichwa. Alikuwa amenisamehe pale pale, mbele ya watu. Siku kumi na moja nilikuwa sijalala vizuri, na nikahisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Nafuu hiyo ilidumu labda dakika tatu.

"Chombo ulichotumia kiko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kiko stoo. Hakijatumika tena tangu siku ile. Niliandika kwamba kimekufa."

"Kilikufa chombo, au ilikufa skrini?"

Skrini ndiyo inayonionyesha namba juu ya ardhi. Lakini ndani ya chombo kuna kumbukumbu ndogo, inayoandika kila kitu kwa ajili yake yenyewe. Sisi hatuifungui. Kwa nini uifungue wakati skrini inakuonyesha kila kitu? Mimi niliona skrini imezima nikadhani na chombo kimezima.

Mwenyekiti akamtuma fundi wa elektroniki stoo.

Walikileta kimefungwa kwenye turubai, bado kina tope lililokauka. Fundi akafungua kizibo, akachomeka waya kwenye kompyuta. Tulikaa tukimwangalia. Mtu mmoja wa zamu ya Baba alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Vipimo vimo," fundi alisema.

"Mpaka mita ngapi?"

"Mpaka chini kabisa, mama. Mita sitini zote zimo. Chombo kilikuwa kizima, waya wa juu ndio uliokatika."

Nikajiambia, sawa, sasa waone wenyewe ile kona.

Mwenyekiti alivaa miwani, akainama kwenye kompyuta, akasoma kwa muda mrefu. Kisha akaniita. "Wewe unajua kusoma hizi kuliko mimi. Njoo usome kwa sauti."

Nikasoma. Nguvu za ubavuni, mita ya kwanza, ndogo. Mita ya kumi, ndogo. Ya ishirini, ya arobaini. Nilivyozidi kusoma ndivyo sauti ilivyozidi kunipungua. Hapakuwa na kona. Mita zile sitini zilikuwa zimenyooka kuliko sehemu yoyote ya kisima kile. Hata namba nilizozitunga zilikuwa mbaya kuliko zenyewe. Kama ningepima kwa haki, kwa chombo kipya na siku nzima ya kazi, ningesema pampu iwekwe pale pale ilipowekwa.

"Kwa hiyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Pampu ilikuwa mahali pazuri," nilisema.

"Na ilikwama kwa nini?"

"Itakuwa mchanga. Hutokea. Hutikiswa polepole ikatoka."

"Kuna haja ya kuivuta kwa nguvu?"

"Hapana."

Akafungua karatasi nyingine. "Kikomo cha kuvuta kilichoandikwa siku ile ni tani thelathini na mbili. Kifaa cha kwenye mlingoti wa winchi kimerekodi arobaini na moja, kisha waya ukakatika." Akavua miwani. "Nashukuru kwa kusema kweli, binti. Ni jambo gumu. Beji yako utaiacha kwa mlinzi. Na kuhusu mwendeshaji wa winchi, nadhani hakuna tena la kujadili."

Nilimkuta dada nje, karibu na bomba la maji, akiosha uso.

"Dada."

Hakugeuka.

"Dada, sikujua. Naapa sikujua."

"Ulikuja kumwokoa au kummaliza?"

"Nilisema ukweli. Wewe mwenyewe uliniomba."

"Mwanzo walikuwa wanadhani kwamba ni yeye," alisema, maji yakimchuruzika kidevuni. "Sasa wanajua. Ungewaachia karatasi yako ya uongo, wasingekwenda kufungua hicho chuma chako." Akafunga bomba taratibu, kama mtu anayehofia kulivunja. "Kesho nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi."

Alhamisi saa sita mchana nilikuwa wodini. Shemeji alikuwa ameegemea mito, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Upande mmoja wa shuka ulikuwa umelala bapa kitandani.

"Karibu, Dakta," alisema. "Umekuja kunipima? Utakuta nimepungua urefu."

Nilishindwa kucheka. Yeye alijitahidi, akaacha.

Nikamsimulia yote, tangu skrini ilipozimika mpaka nilipoacha beji kwa mlinzi. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mita sitini alifumba macho, nikadhani ananilaani moyoni.

"Ulipata wapi ujasiri wa kusema?" aliuliza.

"Haukusaidia kitu. Kisima kilikuwa sawa. Wanasema mlivuta mpaka tani arobaini na moja."

Alifumbua macho. "Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Haiwezekani. Ilitajwa thelathini na moja. Nilisikia kwa masikio yangu, thelathini na moja, tulieni, bado tuko ndani ya kikomo."

Nilimtazama. Yeye alitambua alichosema kabla yangu, akageuza uso dirishani.

"Ulisikia?" nilisema. "Kipimo kiko mbele ya kiti cha winchi. Anayekaa pale hatajiwi namba. Yeye ndiye anayewatajia wenzake."

Akasogeza mto nyuma ya mgongo.

"Shemeji, kile kiti kiko ndani ya kizimba cha chuma. Kutoka pale mpaka mdomo wa kisima ni hatua kumi na tano. Kibano kilikufikiaje?"

"Waliandika kwamba nilishtuka nikakimbilia upande mbaya."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi."

"Ulikuwa kwenye kibano. Ulikwenda kukilegeza. Mtu mwingine alikuwa kwenye winchi."

"Usiniulize, shemeji." Akaisawazisha shuka pale ilipolala bapa. "Kuna mtu ukiwa umekula kwake miaka yote hii huwezi kumtaja. Alinipa kazi, akanipa na mke. Nisimame mbele ya kamati niseme nini juu yake? Nilijua atasema mwenyewe. Kila mlango ukifunguliwa hapa nasema, leo kaja kuniambia kwamba amesema."

"Na amekuja?"

"Huja kila siku. Hunikanda mgongo. Huniuliza kama nimekula."

Sikumbuki nilivyotoka hospitali. Nakumbuka nilitembea mpaka nyumbani, na si karibu, na kwamba kiatu kimoja kilinichubua kisigino nisijue mpaka nilipoona damu.

Dada na watoto wamehamia kwa Baba tangu ajali. Niliwasikia ndani, sufuria zikigongana. Baba alikuwa uani, anafua ovaroli yake ya kazi kwenye karai, mikono imejaa povu. Ilikuwa kama saa tisa, jua kali.

"Umetoka hospitali," alisema.

"Ndiyo."

"Amekula?"

"Baba, winchini ulisoma ngapi?"

Mikono yake ikasimama majini. Hakuniuliza nazungumzia nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, kwamba atakana, kwamba atanifukuza uani. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Thelathini na moja," alisema.

"Ilikuwa arobaini na moja."

"Nilisoma thelathini na moja."

"Na mlio wa injini?"

"Siku hizi masikio nayo." Hakumaliza.

Mfukoni nilikuwa na barua ya kusimamishwa kazi. Niliikunjua nikampa. "Nisomee mstari wa kwanza."

Alikausha mikono kwenye suruali, akaishika. Akaisogeza mbali. Akaileta karibu. Akaigeuza ielekee jua. "Mwanga mbaya," alisema.

Mimi nilikuwa nimekunja uso kwa ukali wa jua lile.

"Tangu lini, Baba?"

"Mwaka wa pili huu. Lilianza jicho la kulia." Akanirudishia karatasi, ikiwa imelowa alipoishika. "Siku ile watu walikuwa pungufu. Shemeji yako akasema kibano kimekaza, aende akakilegeze, nimshikie winchi dakika mbili. Niseme siwezi? Mimi? Mbele ya vijana niliowafundisha?"

"Kwa nini hukusema baadaye?"

"Vijana walinifichia, nami nikasema moyoni, ngoja atoke chumba cha upasuaji. Alipotoka nikasema ngoja apate nguvu. Kisha nikasema ngoja kamati ikae. Nilikwenda Jumatano nikiwa na maneno yangu yote mdomoni, mwanangu, nakuambia ukweli. Nilitaka kusimama. Kisha wewe ukasimama kwanza, ukasema mwenye kosa ni wewe."

"Nawe?"

Alitazama karai. "Nikashukuru."

Nimeambiwa maneno mengi mabaya katika maisha yangu, na mengine nimewasimulieni humu wiki zilizopita. Hakuna lililoniingia kama hilo moja. Halikuwa tusi. Lilikuwa neno jema, limetamkwa na baba yangu, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuwa hai.

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Dada alitoka na simu sikioni, mkono mwingine ukiwa na unga.

"Ndiyo, yuko hapa hapa," alikuwa akisema. Akaiziba simu kwa kiganja. Hakunitazama hata kidogo. "Baba, ni yule mama wa kamati. Anasema wanafunga faili leo. Wamebakiza neno la shahidi mmoja, mtu aliyemwona mume wangu kwa macho yake akiwa kwenye winchi." Akasogea karibu naye. "Anakuuliza kama ulikuwepo na ulimwona. Naomba usimwongezee makosa, Baba. Sema ulichokiona tu."

Alimnyooshea simu. Baba alinyoosha mkono, akaikosa kidogo, akaipata. Akaiweka sikioni bila kuifuta povu.

"Naam," alisema.

Akaelekeza uso wake upande niliosimama. Sijui kama aliniona.

"Nilikuwepo," alisema. "Andika."